Mzee wa Benki na Mashini ya Kukimbia Nayo

Miaka yote niliyomfahamu sikumwona hata mara moja akiegemea kiti. Aliketi ukingoni, magoti yakielekea mlango, kofia mkononi, kama mtu aliyeambiwa gari linaondoka sasa hivi. Ukimpa chai aliinywa ikiwa bado inachoma. Mtaani kwetu, Ibanda mjini Bukavu, watu walimwita Mzee wa Benki, ingawa benki yenyewe ilikuwa imefunga milango tangu vita vya kwanza vya nchi yetu, na vita vya pili vilipotukuta ilikuwa bado imefungwa. Nami nilimwita hivyo, na nitamwita hivyo hapa.

Mimi nilikuwa na chumba kimoja kando ya barabara, chenye kompyuta tano za mezani na jenereta moja yenye kelele. Nilifundisha makarani na wanafunzi wa chuo kuandika barua na kupanga majedwali. Siku ya kwanza alipoingia hakuomba kufundishwa. Alizizunguka zile kompyuta kama mnunuzi wa mbuzi, kisha akaniuliza:

"Maman Mwalimu, kati ya hizi mashini, ni gani inaweza kukimbia?"

Nikadhani anauliza habari ya kasi. Nikamwonyesha iliyokuwa dirishani, mpya kuliko zote.

"Hapana," akasema. "Minauliza ya kukimbia na mutu. Mutu akikimbia, nayo ikimbie."

Ndivyo tulivyoanza. Alitaka kompyuta ya kubeba, ile inayofunguka na kujifunga kama kitabu, na siku zile mjini kwetu wenye nayo walikuwa wazungu wa mashirika na wafanyabiashara wachache wa madini. Nilipomuuliza ya kazi gani, alitazama mlango kwanza, kisha akanieleza kwa sauti ya chini.

Benki ilikuwa imemfundisha jambo moja tu, fedha za kigeni. Miaka kumi na minane alikaa katika ofisi ambayo kazi yake ilikuwa kujua faranga ya Ubelgiji na dola zinakwendaje. Benki ilipofunga, ujuzi ule ukabaki kichwani mwake bila pa kwenda. Baadaye binti yake aliyeolewa Ubelgiji akamwandikia kwamba huko siku hizi mtu wa kawaida anaweza kununua na kuuza fedha za dunia kupitia simu na kompyuta, bila kugusa noti hata moja. Unaamini euro itapanda, unainunua. Unaona inachoka, unaiuza kabla haijashuka. Binti akamfungulia akaunti kule. Kilichokosekana ni mashini, na waya wa simu.

Waya ndio uliokuwa tabu. Simu za Bukavu zilikuwa zimekufa. Wiki hii utasikia mapadri wana chombo cha setilaiti, wiki ijayo chombo kimechukuliwa. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Cyangugu, katika nchi jirani, kulikuwa na chumba cha simu kinachofanya kazi, lakini mpaka ulifungwa na kufunguliwa kwa matakwa ya askari. Goma kulikuwa na waya, ila ni safari ya boti. Kwa hiyo mzee hakutaka mashini ya kukaa nayo nyumbani. Alitaka ya kuufuata waya popote ulipo, na kurudi nayo akiwa hai.

"Tutaona kwanza," alisema akiondoka. Alisema hivyo kwa kila kitu. Ukimwalika arusi, tutaona kwanza. Ukimwambia mvua inakuja, tutaona kwanza, na huku akifungua mwavuli.

Sijawahi kuona mtu akichagua kitu kwa namna ile. Kwanza uzito. Alikuwa amesikia kwangu kwamba mashini moja ina kilo tatu, nyingine nne na zaidi. Watu wengine wangesema ni tofauti ya kilo moja tu. Yeye alikwenda sokoni, akanunua maharagwe, akayapima kilo tatu katika mfuko wa shule wa mjukuu wake, akauvaa begani na kutembea kwa miguu kutoka Ibanda mpaka Nyantende, na kurudi. Kesho yake akarudia na kilo nne. Wakulima wa Nyantende waliomwona siku mbili mfululizo, amevaa tai, akibeba maharagwe kuyapeleka kwao na kuyarudisha mjini, walidhani vita vimemharibu kichwa. Mama mmoja alimpa viazi kwa huruma. Alivipokea, lakini aliviacha kwa jirani njiani ili visimharibie kipimo.

Jioni ya pili alifika kwangu viatu vimejaa udongo mwekundu.

"Kilo tatu inanifikisha. Kilo ine, inanifikisha Panzi tu, katikati ya njia, kisha minatafuta mahali pa kuitupa."

Baada ya uzito ikawa kioo. Kulikuwa na mfanyabiashara aliyeleta bidhaa kutoka Dubai, na safari ile alikuwa na mashini mbili, nyeusi, zinang'aa. Tulikwenda pamoja. Mfanyabiashara akaiwasha moja dukani kwenye kivuli, rangi zikatoka nzuri kabisa. Mzee akamwomba aitoe nje, barazani, penye jua la saa sita. Mfanyabiashara akanung'unika lakini akaitoa. Mzee akainama, akasogea kushoto, akasogea kulia.

"Naona ndevu zangu," akasema. "Bei sizione."

"Papa, nani anafanyaka kazi na mashini ku jua?"

"Mwenye ako ndani ya boti."

Akaikataa. Akaikataa na ya pili, kwa sababu ilikuwa nzuri mno. Hapo hata mimi nilikasirika, maana jua lilikuwa limenichoma na wanafunzi walikuwa wananisubiri. Akanieleza tukitembea, mbele yangu hatua tatu kama kawaida yake, akigeuza shingo kuzungumza.

"Askari akiona kitu kinang'aa, anauliza bei? Anachukua. Minataka mashini ya sura mubaya. Askari aione, aseme, huyu muzee masikini."

Wanafunzi wangu walimcheka. Mke wake alimcheka kuliko wote. Alikuwa mkunga, mwanamke mnene mwenye mikono ya kutulia, mzaliwa wa kisiwa cha Idjwi, na nusu ya watoto wa mtaa wetu walipokelewa na mikono ile. Aliniambia siku moja, mbele ya mumewe: "Mimi alinichagua kwa saa moja. Alinikuta ku misa, akanifuata mpaka ku mulango. Hakuniuliza kama batri yangu inafanya saa ngapi."

Mzee hakucheka. Alifikiri kidogo, kisha akajibu kwa dhati kabisa: "Wewe ulikuwa haubebwe."

Ilichukua mwaka na miezi kadhaa. Hatimaye mzungu wa shirika moja alifungasha kurudi kwao na kuuza vitu vyake. Miongoni mwavyo palikuwa na mashini ya kijivu, nene, iliyokatika pembe, herufi za katikati zimefutika kwa kuguswa. Kilo tatu na robo. Kioo chake kilikuwa hafifu lakini ukikitazama juani ulisoma. Ilikuwa na tundu la waya wa simu ubavuni na betri mbili, kila moja ya saa tatu. Mzee aliibeba, akaiweka, akaibeba tena. Akaifunga katika kitenge chakavu cha mkewe na kuiweka kapuni chini ya kabichi, na tangu siku ile sikumwona tena mtaani zaidi ya siku tatu mfululizo.

Alikuwa mtu wa ajabu katika jambo hili: mwoga mkubwa wa maji, hajui kuogelea, lakini ziwa alilivuka kila wiki. Ndani ya boti alikaa sakafuni, amefumba macho, mikono imekumbatia kapu. Aliwaonya vijana wote wasiweke kila walicho nacho mahali pamoja, na yeye mwenyewe akawa hana kingine chochote maishani isipokuwa ule mstari wa bei unaopanda na kushuka. Alikuwa mkarimu wa maneno na bahili wa muda. Alikuja kuzika jirani, akashika koleo, akatupa udongo mara tatu, na kabla ya wimbo kwisha ulishamwona yuko barabarani.

Hakupata utajiri. Kuna miezi alipata, watoto wao waliokuwa bado shuleni walisoma, na kuna miezi alikonda. Lakini habari zilienea. Majirani wakaanza kuja na bahasha za fedha. Mwalimu mkuu mstaafu alikuja, mama muuza kitenge alikuja, hata katekista. Wote walitaka awatie na wao ndani ya ile mashini. Aliwakatalia wote, bila kusema tutaona kwanza. Alisema hapana, akasimama, akafungua mlango. Wengine walimchukia. Walisema ana uchoyo, anataka kula peke yake. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo kwa muda.

Kisha wakamkamata.

Ilikuwa asubuhi, kwenye gati la boti, akirudi kutoka Goma kwa njia ya Idjwi. Waasi walioshika mji wetu walikuwa wanapekua mizigo, askari mmoja akainua kabichi. Wakaiwasha mashini. Pakatokea mistari. Wakampeleka kwenye jumba moja kando ya ziwa, ambalo zamani lilikuwa la mwenye shamba la chai na sasa lilikuwa ofisi ya kamanda.

Siku ya nne mkewe alikuja chumbani kwangu. Hakulia. Alisimama kati ya kompyuta, akasema: "Wanasema ile mistari ni mapu ya vita. Banataka mutu wa kuwaelezea. Nilitaja jina yako. Unisamehe."

Nilifunga chumba. Njiani alinishika mkono namna awashikavyo wanawake wenye uchungu, tukafika.

Kamanda alikuwa kijana kuliko nilivyotazamia. Mzee alikaa kwenye benchi, bila viatu, shavu limevimba. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekaa bila kutazama mlango. Mashini ilikuwa mezani.

"Weye njo mwalimu wa hizi vitu?" kamanda akaniuliza.

"Ndiyo, mon commandant."

"Fungua, ufasirie. Mukinidanganya, mutabaki hapa bote tatu."

Nikaiwasha. Betri ilikuwa bado hai. Mistari ikatokea, myekundu, ikipanda na kushuka. Kamanda akaweka kidole juu ya kilele kimoja.

"Hii mulima ni gani?"

"Haiko mulima. Ni bei ya euro kwa dola. Hapa ilipanda, siku ya Jumanne."

"Na hapa kwenye inashuka? Kuko bantu wangapi?"

"Hakuna bantu, mon commandant. Ni bei tu."

Nilieleza tena na tena. Nilimwonyesha tarehe chini ya mistari, na jina la kila fedha. Polepole niliona uso wake ukibadilika. Hasira ilitoka, na kilichoingia kilinitisha zaidi. Akawaambia askari wake watoke nje. Akavuta kiti mpaka mbele ya mzee.

"Sasa muzee, na mimi niko na dolari. Nitakupa, utaziingiza humu, zizae. Viatu vyako utavaa leo, na ku gati hakuna mutu atakugusa tena."

Mkewe alinibana mkono. Sote wawili tulikuwa tunamwomba kimoyomoyo aseme ndiyo. Aseme tu, yatakayofuata tutayajua baadaye.

"Hapana," mzee akasema.

"Juu ya nini?"

"Sichukuake feza ya mutu mwingine."

"Hata yangu?"

"Hata yako, mutoto wangu. Ikipotea, utaniua. Na isipopotea, utaniletea ingine."

Nilisikia mtu akipiga kasia ziwani. Kamanda akacheka kwa pua, akainuka, akaifunga ile mashini na kuitia chini ya kwapa lake.

"Basi inabaki."

"Ibaki," mzee akasema.

Tulimtoa akiwa hana viatu. Tulipofika barabarani ndipo mkewe alipomgeukia, sauti ikamtoka kama ya mtu mwingine. "Ungekufa! Ungekufa juu ya hapana moja! Na mimi ningekuzika na nini?"

Yeye alitembea kidogo, akichechemea kwenye kokoto, kisha akaniuliza mimi: "Batri ilikuwa imebaki na ngapi?"

Nilitaka kumpiga.

Ni mwezi mmoja baadaye aliponieleza sababu ya ile hapana. Alikuja chumbani kwangu mchana, wanafunzi wamekwenda kula. Wiki ya mwisho ya benki, vita vya kwanza vikiwa Uvira na vinakuja, mkubwa wake alikimbia na funguo. Yeye ndiye aliyebaki dirishani. Watu walipanga mstari hadi barabarani, na kila mmoja alimwambia: njoo Jumatatu. Aliwaambia kwa tabasamu la kazi. Alijua kwamba nyuma yake hakuna kitu. Alikuwepo mama mmoja, mjane, aliyekuja na watoto watatu na godoro limeviringishwa kichwani, tayari kwa safari. Alikuwa anataka tu cha kulipia boti.

"Naye nilimwambia Jumatatu," mzee akasema. "Alinishukuru, Maman Mwalimu. Alisema merci sana."

Hakujua alifika wapi. Alikuwa akimtafuta kwa macho katika kila boti aliyopanda, nilivyoelewa mimi, ingawa hakusema hivyo. Aliinuka, na mlangoni akageuka kuuliza kama nimesikia mtu yeyote anayeuza mashini.

Ya pili ilitoka Ubelgiji kwa binti yake. Waliichagua kwa barua muda wa miezi sita, na baadhi ya barua zile nilimpigia chapa mimi kwenye kompyuta. Alitaka kujua kama inaweza kuanguka kutoka urefu wa meza. Alitaka kujua betri itakufa baada ya miaka mingapi, na kama mtu akiifunga ghafla bila kuizima atakuta kazi yake pale alipoiacha. Ilipofika nilimwona nayo mara mbili tu. Baadaye vita vikasemwa vimekwisha, kisha mji ukapigwa tena, mimi nikahamia Uvira kwa dada yangu, na tukapotezana.

Miaka ilipita. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaenea hata vijijini wakati chama cha wakulima wa kahawa wa Idjwi kiliponiita kuwafundisha makarani wao. Niliposhuka kwenye boti nikaona, kando ya mzani wa kahawa, ubao mweusi, na mzee mwenye tai akiandika kwa chaki bei ya kahawa ya dunia siku ile. Nyuma yake wanawake wenye magunia walisimama wakisoma. Mnunuzi kutoka mjini alitaja bei yake, mama mmoja akanyoosha kidole ubaoni bila kusema neno, na mnunuzi akapandisha.

Alikuwa amezeeka vibaya, mkono wa kulia ukitetemeka. Mkewe alikuwa naye, tumerudi kwetu sasa, kwa wazazi wangu, akaniambia. Walinipeleka nyumbani kula. Samaki wa ziwani, ugali, mboga ya lenga-lenga. Nikamuuliza kama bado ananunua na kuuza fedha. Akatikisa kichwa.

"Niliacha siku moja tu," akasema.

Akasimulia huku akitazama sahani. Siku mji ulipopigwa tena, alikuwa ng'ambo, Cyangugu, kwenye chumba cha simu, mashini iko wazi. Milio ikaanza. Kutoka dirishani aliona moshi upande wetu, upande wa nyumba yake. Watu wakaanza kuvuka daraja kwa mamia kuja kule alikokuwa. Na yeye alikuwa amenunua euro asubuhi ile, nyingi kuliko siku zote.

"Nilibaki dakika makumi mbili, Maman Mwalimu. Nilikuwa nauza kwanza. Waya ilikuwa inakatika, minarudia, inakatika. Muke wangu iko kule, na mi minarudia. Kisha nikavuka. Kila mutu alikuwa anakuja, ni mi peke yangu nilikuwa naenda. Nilimukuta mu koridori ya nyumba, amekaa chini. Muke wa jirani alikuwa amezalia pale pale, risasi zinapita juu ya mabati. Mutoto alikuwa ametoka wakati ile ile. Hakukuwa hata mutu wa kumushikia taa."

Nilimtazama mkewe. Alikuwa anatoa miiba ya samaki kwa ncha ya kidole.

"Sikumwambia," mzee akasema. "Mpaka leo. Ni sasa anasikia."

"Nilijua," mkewe akasema.

Mzee akainua kichwa.

"Nilijua siku ile ile. Uliingia na mashini ndani ya mufuko yake ya ngozi, vifungo, bouton zote ine, zimefungwa. Mutu mwenye anakimbilia muke wake hafungake bouton ine."

"Na haukusema?"

"Nilikuwa na mutoto wa mutu mu mikono. Kisha nikangoja useme mwenyewe. Kisha nikachoka kungoja." Akasogeza sahani ya samaki aliokwisha kuwatoa miiba, akaiweka mbele ya ule mkono unaotetemeka. "Sasa umesema. Kula."

Akala.